Shajara ya kerezo: mipini ya rodi wakati wa kusi

Mei 3

Kusi imeshika. Hapa Watamu boti za kuvulia samaki wakubwa zimepandishwa nchi kavu, na karakana yangu imejaa rodi za kuvulia kutoka mlangoni hadi kwenye kabati la nyuzi. Kaskazi manahodha huvua, kusi sisi mafundi huunga. Leo nimezihesabu: rodi 23. Nyingi zataka pete za kupitishia mshipi tu, na hizo siziogopi. Zinazoninyima usingizi ni 9 ambazo mipini yake imekwisha. Koki imemomonyoka, sponji imechanika, na moja imeoza kwa chumvi hata ukiishika inakuachia unga mweusi kiganjani.

Miaka saba nimetengeneza mipini kwa kekee ya umeme iliyobanwa kwenye jiliwa. Mpini huvishwa kwenye chuma chembamba: ncha moja ya chuma inashikwa na kekee, ncha ya pili inazunguka ndani ya tundu la ubao lililopakwa sabuni. Sikatai kwamba inafanya kazi. Riziki yangu imetoka hapo. Lakini tundu la ubao hupanuka, chuma huanza kucheza, na mpini hutoka ukiwa umenona upande mmoja. Jicho halioni, kiganja kinaona. Mtu akivutana na jodari kwa saa nzima, ule unono mdogo ndio unaomtoa lengelenge.

Nimepata habari ya lethi ndogo, mashine ya kuzungusha kitu kikichongwa, inayouzwa Mombasa. Kesho kutwa naifuata.

Mei 5

Imefika, mimi na mpwa wangu tukiwa tumeishika huku na huku kama maiti. Uzito wake ni kilo 40 na ushee. Tulikuja nayo kwenye matatu, imefungwa kwa gunia na godoro la mtoto, kilomita zaidi ya mia moja, na kila tuta la barabarani lilinipiga mimi kabla ya kuipiga yenyewe.

Ni mashine ya chuma, si ile ya mbao. Kati ya ncha na ncha inapokea kazi ya milimita 300, na kitu cha upana wa hadi milimita 180 kinaweza kuzunguka juu ya kitanda chake bila kugusa. Kwa mpini wa rodi, ambao ni mwembamba kuliko mchi mdogo, upana huo umezidi. Urefu ndio utakaonibana. Chaki yake, yaani kile kishikio kinachoibana kazi na kuizungusha, ina meno matatu yanayofunga pamoja, mwendo unaongezwa na kupunguzwa kwa kitufe, na mhimili una tundu la milimita 20 linalopita ndani kwa ndani. Hilo tundu ndilo lililonifanya nitoe pesa. Ufito wa rodi unaweza kupitishwa mle, ukabanwa karibu na mahali pa kazi, na sehemu yote iliyobaki ikatokea upande wa nyuma.

Mamangu alipoiona aliinama akaizunguka, akasema, "Hili si kerezo? Babako mkubwa alikuwa nalo Lamu, ila lake lilikuwa la uta." Nalikumbuka. Mkono mmoja ulivuta uta mbele na nyuma, kamba ikauzungusha mti, na patasi aliituliza kwa mkono wa pili na kidole gumba cha mguu. Miguu ya vitanda aliyoikereza hivyo ingali inalaliwa. Kwa hiyo katika shajara hii nitaiita mashine yangu kerezo, kwa heshima yake.

Mei 8

Siku tatu zimekwenda kwenye usafi tu. Aliyeniuzia aliniambia ilikuwa ikipakwa oili kila jioni. Kutu niliyoikuta chini ya kichwa cha nyuma, kile kinachoshika ncha ya pili ya kazi, inasema jingine. Nimeisugua kwa mafuta ya taa na sufi ya chuma laini, sikutumia msasa, maana kitanda cha kerezo ndicho reli. Ukikila kwa msasa umeiharibu njia.

Meza nimeijenga upya kwa mbao nene za mwarobaini. Nimeifunga mashine kwa bolti nne, na kabla ya kukaza nimeweka pimamaji kwa urefu na kwa upana. Meza iliyopinda huivuta mashine ipinde nayo, halafu utashangaa kwa nini kazi yako inatoka nene huku na nyembamba kule.

Kisha nikapima kama vichwa viwili vinatazamana. Nilibana kipande cha chuma kwenye chaki nikakichonga ncha palepale bila kukitoa, ili ncha hiyo iwe katikati ya kweli. Nikasogeza kichwa cha nyuma hadi ncha yake ikakaribia kuigusa, nikaweka wembe katikati, nikabana taratibu. Vichwa vikitazamana, wembe husimama sawasawa. Wangu uligeuka kama mlango uliofunguliwa kidogo: kichwa cha nyuma kilikuwa kimekwenda upande. Nililegeza skrubu zake, nikakigonga kwa nyundo ya mbao, nikapima tena. Mara ya kumi na moja wembe ulisimama, ukabaki umesimama hata nilipouachia. Mpwa wangu alisogea akaunyamazia kama anayetazama ndege aliyetua.

Hewa ya hapa ina chumvi. Kila jioni napitisha oili nyepesi juu ya chuma chote na kufunika kwa kanga ya zamani iliyolowekwa oili. Desturi hii haina likizo.

Mei 10

Koki ya kwanza. Kwa asiyeijua, ni gome la aina ya mwaloni unaoota Ureno na nchi jirani. Gome hubanduliwa, mti ukaachwa hai, na hungojewa miaka 9 kabla ya kubanduliwa tena. Ndiyo maana haiuzwi kwa bei ya mchele. Huja kama pete: unene nusu inchi, upana milimita 32, na tundu la robo inchi katikati. Mpini wa inchi 7 unakula pete 14.

Nimezipaka gundi uso kwa uso, nikazipanga kwenye chuma cha robo inchi chenye thredi mwili mzima, nikaweka washa na nati huku na huku, nikabana hadi gundi ikachungulia kila kiungo. Saa 24 zisiguswe.

Mei 11

Nimeandika mengi leo kwa sababu leo nimejifunza mengi.

Niliufunga mpini kwenye chaki, nikaleta ncha ya kichwa cha nyuma ikaingia kwenye tundu dogo nililolitoboa mwishoni mwa chuma, nikakaza. Nikawasha kwa mwendo mdogo. Sawa. Nikaongeza. Katikati ya mpini pakaanza kuvimba, kama kamba ya kuruka watoto wanapoizungusha. Mashine ikanguruma, meza ikaanza kutembea.

Nilizima. Fikra ya kwanza ilikuwa kwamba chuma kinacheza, basi nikakikaza zaidi kwa kichwa cha nyuma. Nikawasha. Ikazidi. Nikakaza tena. Ikazidi tena, na sasa vumbi la koki lilikuwa likiruka kutoka upande mmoja tu wa mpini, alama kwamba msasa unagusa upande uliotokeza na kuukosa mwingine. Palepale ulikuwa ule unono wangu wa miaka saba, safari hii ukiwa na mashine ya maelfu nyuma yake.

Nikakaa. Nikachukua chuma kingine kama kile, kitupu, nikakisimamisha sakafuni na kukikandamiza kwa kiganja kutoka juu. Kikapinda. Bila shaka kipinde! Chuma chembamba cha karibu milimita 300 ukikisukuma kwa ncha zake mbili hakina pa kwenda ila pembeni. Kila nilipokaza nilikuwa nakipinda mwenyewe.

Nilirudi nikaulegeza mkono wa kichwa cha nyuma, robo ya mzunguko tu, hadi ncha ikawa inagusa na kuzunguka pamoja na kazi bila kusukuma. Nikawasha. Uvimbe ukapotea mbele ya macho yangu. Mpini ulizunguka hadi ukaonekana kama umesimama, na kingo zake mbili zilikuwa mistari.

Nikaanza na msasa namba 80 uliogundishwa kwenye kibao, mwendo kama mizunguko 800 kwa dakika. Koki huchongeka kwa upole. Haina haja ya patasi, na patasi ikinasa huing'oa pete nzima. Kutoka 80 nikaenda 120, 220, nikamalizia na 320. Mwisho nilifumba macho nikauzungusha mkononi. Haukuwa na upande.

Kisha ukakataa kutoka kwenye chuma. Gundi iliyochungulia nje ilikuwa imechungulia ndani pia, ikashika thredi. Niliupoteza. Nimeupasua kwa kisu ili kuona gundi ilifika wapi: ilijaa thredi zote kama wali kwenye chujio. Dawa yake ni mshumaa. Sugua nta kwenye chuma chote kabla ya kupanga pete, na baada ya gundi kushika kidogo, baada ya nusu saa hivi, kizungushe chuma mara moja kikate mshiko.

Mei 14

Wa pili umetoka kwenye chuma kwa kusukumwa na kidole. Nta.

Leo stima ilipotea nikiwa katikati ya kazi. Nilisimama na msasa mkononi nikingoja, mkono mwingine nikaupeleka kwenye chaki kufuta vumbi. Dakika mbili hivi stima ikarudi, na mashine ikaamka yenyewe. Mkono ulikuwa umeshatoka, Mwenyezi Mungu ashukuriwe. Swichi ya mashine kama hii inapaswa kujizima umeme ukikatika na kubaki imezima hadi uiwashe mwenyewe. Hii iliwahi kubadilishwa na mwenye nayo wa zamani, akaweka swichi ya taa. Nimesimamisha kazi hadi nipate inayofaa.

Mei 17

Swichi mpya ipo. Nimemwekea mpwa wangu masharti na ameyarudia mbele yangu kwa mdomo wake. Ufunguo wa chaki hauachwi kwenye chaki hata kwa kupepesa jicho. Ukitoka mkononi unatundikwa msumarini. Mikono ya shati inakunjwa juu ya kiwiko, hakuna glavu, hakuna bangili. Miwani. Barakoa, kwa sababu vumbi la koki ni laini na linakaa kifuani. Stima ikipotea, swichi inazimwa kwanza, mengine baadaye. Akaniuliza, "Na wewe mjomba?" Nikamwambia mimi kwanza.

Mei 20

Ndoo ya maji ya bahari imekaa wiki moja nyuma ya karakana. Ndani yake niliweka vipande vitatu vya koki vilivyogundishwa kwa gundi tofauti: gundi nyeupe ya kawaida ya mbao, gundi ya mbao iliyotengenezwa kuhimili maji, na epoksi ya mirija miwili.

Gundi nyeupe ya kawaida imelainika ikawa kama uji. Pete niliziachanisha kwa vidole. Nyingine mbili zimeshika, nilipozivunja ilivunjika koki yenyewe, si kiungo. Kati ya hizo mbili nachagua ya mbao inayohimili maji. Epoksi ikikauka inakuwa ngumu kuliko koki, na msasa ukipita huacha kiungo kimetokeza kama mshipa. Epoksi naiweka kwa kazi moja tu: kuufunga mpini uliokamilika kwenye ufito.

Mei 26

Koki imebaki pete 31. Mipini saba bado. Hesabu haitoshi, na mzigo mwingine ni wa kungojewa.

Mpwa wangu amekuja na gunia la ndara zilizookotwa pwani. Wazo si geni kwetu: Ocean Sole wanachonga tembo na twiga kwa ndara kuukuu, na jahazi la Flipflopi lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, likashushwa majini 2018, mbavu zake zimefunikwa ndara za kila rangi. Na sponji ya ndara nyingi ni EVA, aina ya plastiki laini ya povu, jamaa ya ileile inayowekwa kwenye rodi za kiwandani. Nilichokuwa sijui ni kama itakubali kerezo langu.

Kwanza maji, tena maji mengi. Ndara iliyolala ufuoni imejaa mchanga ndani ya vitundu vyake, na mchanga ukidondoka kwenye kitanda cha mashine unakila chuma. Tumeziosha mara tatu, tukazikausha kivulini, na kitanda nimekifunika kwa karatasi ya gazeti.

Kukata pete tunatumia msumeno wa kikombe. Uangalifu hapa: namba iliyoandikwa kwenye msumeno ni ya tundu unaloacha, si ya kipande unachopata. Wa 44 umenipa pete za milimita 40 hivi. Kekee ndogo ya katikati ya msumeno inatoboa tundu linalokaribiana na chuma changu, kwa hiyo kazi mbili zinakwisha kwa mkono mmoja.

Mpini wa kwanza wa ndara ulikuwa na mistari ya buluu, nyekundu na kijani, na ulipozunguka ulipendeza. Ulipozimwa ulikuwa na ngazi. Ndara laini iliyeyuka chini ya msasa, ndara ngumu ikabaki juu. Nilikuwa naushika msasa kwa vidole, na vidole hufuata mahali palipobonyea.

Mei 29

Ngazi zimekwisha kwa mambo mawili. La kwanza, kuchagua: tunabonyeza kila ndara kwa ukucha wa kidole gumba, alama ikirudi haraka inawekwa rundo moja, ikichelewa rundo jingine, na marundo hayachanganywi. La pili, msasa namba 60 mpya uliogundishwa kwenye kibao cha mpingo nilichokinyoosha hadi kikanyooka kweli. Kibao kigumu hakijui laini na ngumu, kinakata kilichotokeza tu. Na mwendo lazima ushuke. Sponji ikipata moto inanata na kuvingirika vijidonge.

Juni 4

Amekuja nahodha mmoja mzee, rodi yake ni mojawapo ya zile 9. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa, akaweka mkono wa kulia juu ya meza ya kerezo bila kusema neno. Kidole cha pete na kidole cha mwisho havikunji. Miaka mingi iliyopita mshipi ulimzunguka mkono samaki akiwa anakimbia.

"Mwanangu," akaniambia, "kila rodi naishika kwa vidole viwili na gumba. Hivi vingine vinaning'inia tu. Kolekole akivuta, mpini unajizungusha mkononi. Hii mashine yako inaweza lolote?"

Nilimwomba mpwa wangu aende kwa mamangu akaombe donge la unga uliokandwa kwa chapati. Nikaliviringisha kwenye kipande cha rodi iliyovunjika, nikamwambia ashike kama ameshikwa na samaki. Akashika. Akavuta. Uso wake ulibadilika, alikuwa yuko baharini. Alipoachia, unga ulikuwa umebaki na mkono wake wote: mfereji wa kidole cha shahada, wa cha kati, na chini, pale vidole vile viwili vilipolala vimenyooka, unga ulikuwa umefura bila kuguswa.

Nilipima unene kwa vernia, kipimo cha kubana, kila sentimita moja, nikaandika ukutani kwa penseli. Kidole cha shahada, milimita 28. Cha kati, 29. Kisha 32, 35, 37, na mwisho 36 kabla ya kufunga. Mkono mzima hutaka mpini wa namna moja. Mkono wake unataka mpini mnene pale ambapo vidole haviwezi kuufuata, ili vyenyewe viuegemee.

Juni 7

Koki yangu ina milimita 32 tu, haifiki 37. Kwa hiyo juu pete 8 za koki, chini pete za ndara za 40, rundo gumu. Rangi nimechagua nyeusi tupu na mstari mmoja wa buluu, maana boti yake ni ya buluu.

Pale koki inapokutana na ndara ndipo nilipotumia alasiri nzima. Kibao kigumu, mwendo mdogo, mapigo machache, zima, vernia, tena. Namba zile za ukutani nilizifuata moja moja. Katika namba ya 35 nilikata mno, ikawa 34 na nusu. Nimeiacha, maana kuirudisha ni kuanza upya na pete za koki hazipo.

Tundu la ndani nimelipanua kwa ufito uliovunjika nilioufunga msasa kwa kuzunguka kama utepe. Ufito wa rodi ni mnene chini na mwembamba juu, basi ukitumia ufito kupanua tundu, tundu linapata mteremko uleule. Kila baada ya misuguo kadhaa nauvisha mpini kwenye rodi na kutazama umefika wapi. Nimeacha ukikaza kwa sentimita mbili za mwisho; epoksi itaupeleka nyumbani.

Juni 9

Nahodha ameshika. Kwanza kwa macho wazi, kisha akafumba. Mpwa wangu alishika upande wa pili wa mshipi uani, akauvuta kwa nguvu zake zote za miaka kumi na sita, akaupindisha kulia na kushoto. Mpini haukuzunguka. Vile vidole viwili vilikuwa vimelala juu ya unene kama watu waliokaa kwenye kiti chao.

Akaniuliza pale pembeni pamepungua kitu kidogo, au ni mkono wake. Ni pale pa 34 na nusu. Nikamwambia ni mimi, na kwamba koki ikifika nitamtengenezea mwingine. Akasema huu hautoki mkononi mwake hata huo mwingine ukija, ila nimtengenezee vilevile.

Juni 10

Zimebaki rodi 4. Mbili ni za kurushia chambo mbali na mipini yake ya nyuma ina sentimita 40, zaidi ya urefu wa kerezo. Nitazikereza vipande viwili, na kiungo nitakiweka chini ya uzi wa mapambo ambapo hakishikwi. Ukutani namba za nahodha nimezipigia mstari kuzizunguka, mtu asije akapaka chokaa. Pete za ndara 22 zimepangwa kwenye chuma chenye nta, nati zimebanwa, na kanga ya oili iko juu ya kitanda. Kesho saa nne asubuhi gundi itakuwa tayari.